Nani aliua WITCH? Rok ya Copperbelt, shaba, na jibu moja linalorudiwa mno

Wandugu, tukikaa wapenzi wa muziki hapa Lubumbashi, hasa na wale wanaovuka Kasumbalesa kila wiki kwa biashara, kuna swali linarudi: ile bendi ya rok ya Zambia, WITCH, iliisha namna gani? Na jibu linakuja mbio kabla mtu hajamaliza kuuliza. Ukimwi. Basi, watu wanasikitika kidogo, mmoja anasema pole, halafu tunarudi kwa rumba.

Jibu hilo linaniuma. Ukimwi uliwachukua kweli, hakuna wa kubisha, lakini angalia tarehe tu. Mwimbaji wao Jagari aliondoka kwenye bendi 1977. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi Zambia alitambuliwa 1984. Hapo katikati kuna miaka saba, na ndani ya miaka hiyo saba bendi ilikuwa imeshageuka kitu kingine kabisa, gita za moto zimenyamaza, vijana wanacheza disko, kumbi zimefunga mapema. Kwa hiyo kama mtu anataka kujua nini kilivunja WITCH lazima atafute kabla ya ugonjwa, na ukitafuta huko utakuta kitu ambacho mtu wa Lubum anakijua tangu tumboni mwa mama yake: shaba.

Kwanza niwaeleze ni akina nani, juu wengi wanajua jina tu. WITCH, neno ambalo kwa Kiingereza ni mchawi, ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, tunakusudia kuleta fujo, na walikuwa vijana wa Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba wa Zambia, Kitwe na miji ya jirani. Kwenye mikro alikuwa Emmanuel Chanda, waliyemwita Jagari kwa kumfuata Mick Jagger wa Rolling Stones. Gita la solo lilikuwa la Chris Mbewe, Kims kwa jina la jukwaani, rithim John Muma ambaye watu walimwita Music tu, besi Gedeon Mwamulenga au Giddy King, drams Boidi Sinkala aliyejiita Star MacBoyd, na kinanda Paul Mumba, Jones. Albamu ya kwanza, Introduction, ilitoka 1972, na mpaka Jagari anaondoka walikuwa wameshatoa tano. Zile za mwanzo kabisa walizitoa kwa nguvu zao, walirekodi kwenye studio ya Malachite pale Chingola ambayo ilijengwa kwa kazi ya filamu, kisha diski wanaziuza wenyewe kwenye shoo. Hakuna sosiete kubwa nyuma yao, hakuna mzungu wa London na mfuko. Vijana na gita zao.

Na shoo zao! Walianza saa moja ya jioni wakamaliza saa nane ya usiku, Jagari anaruka kutoka juu kwenye balkoni anaangukia katikati ya watu, polisi wanaitwa kuzuia wale waliobaki nje wasivunje milango. Hii ilitokea Zambia, safari ya saa chache kutoka hapa nilipo, watu wanaoongea Kibemba kilekile wanachoongea majirani zangu wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi. Halafu mtoto wa Lubum leo anakuambia rok ni mambo ya wazungu.

Sasa kwa nini ilitokea pale na si fasi nyingine? Wengi wanasema juu ya redio, juu ya diski za Jimi Hendrix na Deep Purple na James Brown zilizokuwa zinafika. Ni kweli lakini hizo diski zilifika Dar, zilifika Nairobi, zilifika Kinshasa pia. Copperbelt ilikuwa na kitu cha ziada. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 na shaba ilikuwa inaingiza zaidi ya 90% ya pesa za kigeni za nchi nzima, na bei yake ilikuwa nzuri. Miji ya mgodi ilikuwa na watu wengi wanaolipwa mshahara siku ileile, kila mwisho wa mwezi, pesa taslimu. Makambi yalikuwa na kumbi zilizojengwa na kampuni, umeme haukatiki, na wazungu wa mgodi walikuwa na maduka ya diski na vyombo vya muziki ambavyo kijana mweusi mwenye pesa kidogo naye aliweza kufikia, hasa baada ya uhuru milango ilipofunguka. Siye tunaijua picha hiyo. Badilisha jina la kampuni, weka Union Minière na baadaye Gécamines, ni makambi yaleyale, ni kumbi zilezile, ni mwisho wa mwezi uleule.

Na gita lenyewe halikuwa geni katika ukanda huu. Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 pale Jadotville, yaani Likasi yetu ya leo, na gita lile la vidole lilizunguka na wafanyakazi wa mgodi pande zote mbili za mpaka, Kitwe wanalijua, Ndola wanalijua. Kwa hiyo vijana wa WITCH walikuwa watoto wa kizazi kilichoshazoea kwamba mfanyakazi wa mgodi anaweza kuwa na gita nyumbani. Wao waliongeza umeme, wakaongeza fuzz na wah-wah, vile vifaa vya kugeuza sauti ya gita, na hasira kidogo.

Serikali nayo ilisukuma. Miaka ya 70 Rais Kaunda aliamuru kwamba 95% ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Bendi nyingi zikapata hewa: Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi, Peace. Watu waliimba Kiingereza, wengine Kibemba, wengine Kinyanja, wakachanganya midundo ya kijijini na rok nzito, na ndipo jina Zamrock likaja. Lakini redio inakupa jina, haikupi mkate. Mkate ulitoka kwenye shoo, na shoo ilitoka kwenye mshahara wa mgodi. Hapo ndipo fundo lenyewe lilipo, na ndipo nataka tukae kidogo.

Bendi ya rok ni kitu ghali mno. Mtu wa rumba la gita kavu anaweza kukaa chini ya mwembe akapiga. Rok haiwezi. Inataka ampli, inataka bafle, inataka gita la umeme lenye nyuzi za chuma, drams kamili, mikro, na gari la kubeba vyote. Chukua kitu kimoja tu, ampli. Ampli za wakati ule zilikuwa za taa, zile taa za kioo ndani zinazowaka rangi ya machungwa, na ukipiga gita kwa nguvu usiku kucha kama walivyokuwa wanapiga, taa zinachoka, siku moja sauti inaanza kukwaruza vibaya halafu inapotea katikati ya wimbo. Fundi anafungua mgongo wa ampli, anaiona taa imeungua, anakuambia shida ni hii tu, kitu cha ukubwa wa kidole. Lakini hicho kidole hakitengenezwi Kitwe. Kinatoka Ulaya, kinanunuliwa kwa pesa ya kigeni, na pesa ya kigeni inatoka benki kuu, na benki kuu inaipata kwa kuuza shaba. Nyuzi za gita, vilevile. Kifaa cha fuzz, vilevile. Malighafi ya kutengeneza diski, vilevile. Kila kelele iliyotoka kwenye gita la Kims ilikuwa imelipiwa na shaba mara mbili: mara ya kwanza kwa mfanyakazi aliyenunua tiketi, mara ya pili kwa dola zilizoleta vyombo.

Kwa hiyo fikiria ukiigusa shaba unagusa nini.

Na iliguswa pande zote kwa mara moja. Januari 1973 Ian Smith, mkuu wa serikali ya wazungu ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, alifunga mpaka na Zambia, na Kaunda alipopewa nafasi ya kuufungua kwa mizigo yake akakataa, mpaka ukabaki umefungwa upande wake hadi 1978. Bidhaa nyingi za Zambia zilikuwa zinapita huko kusini, kwa hiyo kila kitu kilichotoka nje kikawa cha kusubiri na cha bei. Mwishoni mwa mwaka huohuo mafuta yakapanda dunia nzima, na bendi inayozunguka miji na gari ililiona hilo kabla ya mtu mwingine. Halafu 1974. Mwezi wa nne bei ya shaba London ilipanda mpaka karibu pauni 1,400 kwa tani, watu wakafikiri neema haina mwisho, na kufika mwisho wa mwaka ilikuwa imeanguka zaidi ya nusu. Zaidi ya nusu ndani ya miezi minane! Agosti 1975 vita ya Angola ikafunga reli ya Benguela, njia ya shaba kwenda Lobito, na hii si stori ya Zambia peke yake, wazee wa Gécamines wanakumbuka shaba yetu ilivyoanza kuhangaika kupitia Ilebo na mto mpaka Matadi. Reli ya Wachina, TAZARA, ilikabidhiwa 1976, ikasaidia, lakini bei ilikuwa imeshaanguka na haikuinuka kwa miaka mingi.

Angalia sasa hizo tarehe na uziweke juu ya tarehe za bendi. Lazy Bones!!, ambayo kwangu ni albamu yao bora kabisa, ilitoka 1975. Yaani walifika kileleni kwa muziki mwaka uleule nchi ilipokuwa inaanguka chini ya miguu yao. Hii ndiyo sehemu inayonigusa zaidi katika stori yote. Walikuwa wameshajua kazi, Kims ameshapata sauti yake, kinanda cha Jones kimekaa vizuri, Jagari haigi tena mtu yeyote, na ndiyo kwanza hakuna wa kununua tiketi.

Na usiku wenyewe ukaondolewa. Zambia ilikuwa imewapokea wapigania uhuru wa Zimbabwe, wa Afrika Kusini, wa Namibia, na jeshi la Rhodesia likawa linavuka kuwapiga ndani ya nchi. Miji ikawa na amri za kuzima taa na kutotembea usiku. Sisemi Kaunda alikosea kuwapokea ndugu zetu, nafikiri alifanya jambo kubwa na Zambia ililipa bei ambayo nchi nyingi hazikulipa. Lakini bei ile ililipwa na watu wa kawaida na wanamuziki walikuwa miongoni mwao. Bendi ambayo maisha yake ni kupiga kuanzia saa moja mpaka saa nane usiku, unaiambia ipige mchana. Nani anakuja shoo ya rok saa tisa ya mchana jua linawaka, mfanyakazi yuko chini ya ardhi kwenye zamu yake? Watoto wa shule wanakuja, na watoto wa shule hawana falanga.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa muziki wa kwetu wanakielewa bila kuelezwa, ni habari ya mwenye vyombo. Katika ukanda huu wote, tangu zamani, mwanamuziki ni mmoja na mwenye gita ni mwingine. OK Jazz yenyewe ilipoanza Kinshasa 1956 ilibeba jina la bar ya Oscar Kashama, mwenye bar ndiye aliyewapa vijana fasi na jina. Mwenye mali akichoka, au biashara yake ikianguka, orkestra inaamka asubuhi haina kitu. Copperbelt haikuwa tofauti, mapromota na wenye klabu walikuwa na neno kubwa kuliko wapiga gita, na upande wa diski, kampuni Teal pale Ndola ilipochukua soko, mwanamuziki akawa anasubiri mgawo wake kutoka kwa mtu ambaye ndiye pekee anayejua diski ngapi zimeuzwa. Mtu asiye na chombo wala hesabu mkononi hawezi kuvumilia miaka mibaya. Miaka mizuri anaishi, miaka mibaya anatafuta kazi.

Na njo maana Jagari alitafuta kazi. 1977 aliacha bendi akaenda kwenye ualimu, akafundisha muziki Evelyn Hone College, Lusaka. Wengine wanalisimulia hili kama usaliti, au kama ugomvi wa majina, nani mkubwa nani mdogo, juu tumezoea kwetu orkestra kuvunjika hivyo. Zaïko ilizaa vipande kila baada ya miaka michache, Wenge Musica ilipasuka 1997 na mpaka leo watu wanabishana nani alikuwa na haki. Kwa hiyo tukisikia bendi imevunjika tunatafuta mara moja mwanamke au kiburi. Mimi kwa WITCH sioni sababu ya kutafuta huko. Mtu ana miaka ishirini na kitu, ameimba miaka mingi, ameona kwacha ikishushwa thamani, kumbi zimefunga, na serikali inatafuta walimu, mshahara upo, nyumba ipo. Ungefanya nini? Bendi ya watu sita inagawa mapato ya mlangoni kwa sita baada ya kutoa ya ukumbi, ya gari, ya promota. Mshahara wa mwalimu haugawanywi na mtu. Mimi namuelewa kabisa na ninaona vibaya mtu anayekaa leo na simu yake anamlaumu.

Bendi haikufa siku ile. Ilibaki na jina, wakaingia watu wapya, Patrick Mwondela kwenye kinanda na Shadick Bwalya kwenye sauti, na wakatoa Movin' On 1980 na Kuomboka 1984. Ukizisikiliza utafikiri ni watu wengine kabisa, ni disko, sinteza, kila kitu laini. Hapa wapenzi wa rok wanakasirika wanasema disko ndiyo iliua Zamrock. Hapana, jamani. Disko ilikuja kukaa kwenye nyumba iliyokuwa tayari tupu. Mwenye klabu ambaye 1973 alikodi bendi ya watu sita na lori la vyombo, 1979 anaweka mtu mmoja na platini mbili za kupigia diski, umeme kidogo, mshahara mmoja, na diski za Amerika zinapigwa mpaka asubuhi. Hiyo ni hesabu ya mtu anayefunga mkanda, huwezi kuiita vita ya ladha. Na waliobaki kwenye muziki walifanya hesabu ileile: Paul Ngozi, ambaye gita lake lilikuwa na uchafu mtamu kuliko wote, aliingia kalindula, muziki wa dansi wa Zambia yenyewe, akaimba kwa lugha za nyumbani, na watu wakampenda mpaka alipokufa 1989. Wanamuziki walikuwapo wengi, wazima, wanapiga. Rok ndiyo ilikuwa haipo. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba ugonjwa si jibu la swali la kwanza.

Halafu miaka ya 80 kanda za kaseti zikafurika, kila soko lina mtu anayekopi, na mapato kidogo yaliyobaki kwenye diski yakayeyuka. Hapo sitakaa sana, kila mtu aliyeishi Afrika miaka ile anaijua.

Ndipo ukimwi ukaja, na ulikuja kwenye miji ya mgodi kwa ukali wa kutisha, juu miji ya mgodi ni miji ya wanaume wanaosafiri, wa lori, wa mpaka, wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Dawa za kurefusha maisha hazikuwapo kwa mtu wa kawaida mpaka miaka ya 2000. Na wakati huohuo migodi yenyewe inauzwa, ZCCM, kampuni ya serikali ya migodi, ilibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 90, watu wanaachishwa kazi, hospitali za kampuni zinafungwa au zinadhoofu. Wenzake Jagari wa kundi la kwanza waliondoka mmoja baada ya mwingine, na kufika mwanzo wa miaka ya 2000 alikuwa amebaki peke yake. Wote watano. Kims, Music, Giddy King, Star MacBoyd, Jones.

Kwa hiyo mimi naliweka hivi. Shaba ilivunja bendi. Ukimwi uliondoa uwezekano wa bendi kurudi. Ni mambo mawili tofauti na ukiyachanganya unapoteza yote mawili, juu ukisema ukimwi uliua Zamrock unawafanya wale vijana waonekane kama watu waliojiangamiza wenyewe kwa maisha ya fujo, kama vile jina lao liliwalaani, na unasahau kwamba walikuwa wafanyakazi wa sanaa katika uchumi wa bidhaa moja, uliopigwa na bei iliyopangwa London na vita zisizokuwa zao. Mabendi ya rok ya Uingereza nayo yalikuwa na maisha ya fujo, lakini yalikuwa na haki za nyimbo, yalikuwa na kampuni za kuyadaia pesa zao, na uzee ukawakuta wamekaa kwenye nyumba zao.

Watu wa Lubum hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 80, mgodi wa Kamoto ukaanguka 1990, na kufika 1994 uzalishaji ulikuwa haufiki hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wakapewa bahasha na kuambiwa waondoke kwa hiari. Waulize wazee wa makambi nini kilitokea na muziki katika miaka ile. Bar zilizokuwa na orkestra zikabaki na redio. Walimu wa gita wakaenda kuchimba kwenye mashimo. Hakuna aliyesema muziki umekufa kwa ugonjwa, tulijua vizuri kilichotokea, mshahara uliacha kuja. Sasa kwa nini jambo tunalolielewa hapa kwetu tunashindwa kulielewa kilomita mia chache upande wa pili?

Na Jagari mwenyewe, ajabu ya maisha, aliishia mgodini pia. Baada ya ualimu alikwenda kutafuta mawe ya thamani, anachimba kwa mikono yake, akiwa mtu wa kanisa, wakati diski zake zinauzwa Ulaya na Amerika kati ya wakusanyaji kwa bei ambayo ingemlisha miezi. Na katika mauzo ya diski ya zamani mwanamuziki hapati hata senti, mfuko unabadilishana mikono kati ya mwenye diski na mnunuzi. Ndiyo maana ninaheshimu kilichofanyika 2012 Now-Again Records ya Los Angeles ilipokusanya albamu zao na kuzitoa upya: angalau kulikuwa na mtu wa kumtafuta aliye hai na kufanya naye mapatano. Akaanza tena kupanda jukwaani, Ulaya, Amerika, mzee mwenye sauti nzito bado, na vijana Wazungu waliojifunza nyimbo zake kwa kusikiliza diski wanampigia nyuma. Filamu juu yake ikatoka 2019.

Kisha 2023 ikatoka Zango, albamu ya kwanza yenye jina la WITCH baada ya miaka 39, na waliirekodi Lusaka kwenye DB Studios, fasi ileile walipofanyia Lazy Bones!! zaidi ya miaka arobaini nyuma. Patrick Mwondela, yule wa enzi ya disko ambaye wapenzi wa rok walimnunia, yupo kwenye kinanda, na kwangu hilo ni jambo zuri kupita kiasi, juu linaunganisha vipande viwili ambavyo watu walitaka kuvitenganisha. Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia, anaimba humo pia. Na 2025 wakaongeza Sogolo.

Wengine wananiuliza kama hii ni WITCH kweli, mmoja wa kundi la kwanza na wengine wa kuokota. Swali zuri. Mimi ninasema ni WITCH kwa sababu moja ya kawaida kabisa: mwenye jina yuko hai na ndiye anayeamua. Katika orkestra za kwetu jina limekuwa la mwenye vyombo, la promota, la mjane, la mahakama. Hapa jina limebaki kwa mtu aliyelitolea jasho, na safari hii analipwa akiwa anaona.

Kwa vijana wetu wanaojaribu rok hapa mjini, na wapo, nawasikia mazoezi yao, kitu ninachowaomba mkisoma stori hii msitazame jinsi walivyovaa tu. Tazameni karatasi. Nani ana jina la bendi kwa maandishi? Nyimbo zimeandikishwa kwa nani? Ampli ni ya nani, na siku akiitaka, mnabaki na nini? Mkirekodi, mafaili ya studio yako kwa nani? Maswali haya yanaboa na yanaleta ugomvi kidogo mkiyauliza mapema, lakini mkiyauliza siku pesa imekuja, au siku pesa imekatika, yanaleta ugomvi mkubwa zaidi. Na msitegemee mteja wa aina moja. Bendi inayoishi kwa mwisho wa mwezi wa kampuni za madini tu, hata kama leo kobalti inapaa, iko pale pale walipokuwa wenzetu 1974 mwezi wa nne.

Na kama hujawahi kuwasikiliza, usianze na Zango. Anza na Lazy Bones!! yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na usiweke kwa spika ya simu juu utapoteza besi ya Giddy King ambayo ndiyo inashika nyumba. Kisha rudi Introduction usikie walivyokuwa wabichi, drams zinakimbia, gita linakwaruza, Kiingereza cha wimbo kinayumba kidogo na hakuna anayejali. Baada ya hapo nenda kwa Africa ya Amanaz, ya 1975 vilevile, halafu chochote utakachopata cha Ngozi Family. Ukimaliza hizo, weka Kuomboka bila hasira.